Herufi Kumi na Nne za Uzi Mwekundu

Mimi subira sina, na mtaa mzima wa Biryogo unalijua hilo. Mteja akinirudishia gauni mara ya tatu eti kiuno kimebana, namwambia kiuno ni chako, mimi nilipima tu. Kwa hiyo nikikwambia kwamba nilikaa na Winifred mwaka mmoja na miezi miwili, cherehani yake ubavuni mwa yangu, na nikampigia kelele mara moja tu, ujue nilimpenda.

Alikuja dukani Jumanne moja asubuhi, sketi nyeupe inafagia chini, kilemba cheupe, kandambili. Nikadhani ni wale wanaouza mafuta ya upako. Akanisalimia kwa Kiswahili kilichonyooka, cha Karagwe, maana wazazi wake walikuwa wakimbizi Tanzania na yeye alizaliwa kulekule. Akaomba kazi. Nikamwuliza anashona nini.

"Majina," akasema.

Nikacheka. "Dada yangu, hapa tunashona mishanana, yale mavazi ya harusi ya kufunga begani, na kanzu za Iddi. Majina utamuuzia nani?"

Yeye hakucheka. Nikampa kipande cha kitambaa na sindano, nikamwambia haya, andika lako. Wallahi, mkono ule sijauona kwa mtu mwingine. Herufi zimelala sawasawa kama zimechapwa kwa mashine. Siku hiyohiyo nikamtolea cherehani ya pili stoo, nikaipangusa vumbi, nikamwambia kaa.

Habari zake nilizipata vipandevipande, huku tunaweka zipu na kutoboa matundu ya vifungo. Alikuwa ametoka kwenye kundi moja la Wakristo huko Gahanga, wanajiita Hema la Majina, wanakaa pamoja ndani ya ua wa mabati. Mkubwa wao ni mtu anayeitwa Mtumishi Bayingana. Winifred aliingia humo akiwa na miaka ishirini na sita, akatoka na thelathini na tano. Mle ndani kuna pazia kubwa jeupe mbele ya watu, na kwenye pazia yametariziwa, kwa uzi mwekundu, majina ya wanaoombewa: wafuasi wenyewe na ndugu zao wa nje. Jina likiwa kwenye pazia, mtu amefunikwa. Lisipokuwepo, yuko wazi, lolote limpate. Na mfuasi akikorofishana na Mtumishi, au akitoroka, majina yake na ya ukoo wake yanafumuliwa yote.

"Nani anayafumua?" nikauliza.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa nashona, na nilikuwa nafumua."

"Hata ya watoto?"

"Hata ya watoto, dada."

Siku hiyo sikushona tena. Nilitoka nje, kwenye ile barabara yetu isiyopitisha magari, nikanywa chai ya tangawizi nimesimama mpaka hasira ikashuka. Niliporudi nilimkuta anapinda gauni la watu.

Alitoka kwa ajili ya mama yake. Mama alikuwa na sukari, na kidonda cha mguu kilichogoma kupona, anakaa Kagugu kwa Rwema, kaka yake Winifred, mtu wa ofisi. Kutoka Gahanga hadi Kagugu ni mwendo wa pikipiki tu, lakini Winifred alikuwa hajamwona mama yake miaka minne. Aliomba ruhusa. Mara ya kwanza Mtumishi akamwambia aombe kwanza. Mara ya pili akaambiwa mama ni mtego. Mara ya tatu hakujibiwa kitu, akapewa uzi arudi kazini. Basi Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya mtaa ya kila mwezi, watu wote wametolewa kwenda kusafisha mitaro, geti liko wazi, akatembea na jembe lake begani mpaka barabara kuu. Jembe akaliegemeza kwenye ukuta wa watu, akapanda pikipiki.

Wiki mbili baadaye wakamletea bahasha kwa Rwema. Ndani mna kipande cha kitambaa cheupe, kirefu kama mkono wangu huu, kimekatwa kwenye pazia. Lilikuwa jina la mama yake, Nyiransabimana, herufi kumi na nne, alizitarizi yeye mwenyewe. Uzi umetolewa wote. Yamebaki matundu. Na haukupita mwezi, figo za mama zikaanza kugoma.

Sasa ngoja nikwambie siku niliyompigia kelele. Mama amelazwa, tumetoka kumpelekea chakula hospitali, nikamwambia tu kama mtu anavyomwambia mwenzake, "Wini, mwombee mama yako, na mimi nitamwombea." Akasimama palepale barabarani.

"Mimi siwezi, dada. Omba wewe. Mdomo wako haujatoka popote."

Ndipo akanieleza. Kule Hemani wamefundishwa kwamba aliyetoka, maombi yake yanageuka njiani. Akimwombea mtu uzima, yanamfikia kama kifo. Kumtaja mtu kwa Mungu ni kumpiga. Tangu alipotoka, huyu mwanamke hakuwa ametamka jina la mtu yeyote kwenye maombi. Hata chakula alikuwa anakula bila kukiombea, asije akawadhuru tunaokula naye.

Yewe! Nilipiga kelele mpaka waendesha pikipiki wakageuka. "Kwani huyo Bayingana ndiye posta ya Mungu? Barua zote zinapita kwake? Na wewe una akili zako timamu unakubali? Si umeshatoka? Si ulisema huwaamini tena?"

Alinisubiri nimalize. Akasema, polepole, "Siwaamini wao, dada Raihana. Lakini Mungu ninayemjua ni yule waliyenionyesha wao. Mwingine nilikuwa naye Karagwe, nikiwa mdogo. Simpati tena."

Jioni hiyo nilisali Isha, nikainua mikono, nikamtaja Nyiransabimana, mwanamke wa Anglikana kutoka Karagwe, nikamwambia Mwenyezi Mungu samahani kama natamka vibaya, jina ni refu. Nikaendelea hivyo kila siku.

Usidhani ilikuwa huzuni tu. Kulikuwa na siku tunacheka mpaka majirani wanachungulia. Kitu alichokuwa akinitania sana ni mafundo yangu. Mimi nikishona kwa mkono, mwisho napiga fundo mara tatu kisha napitisha sindano chini yake, ndivyo marehemu mama alivyonifundisha. Nguo yangu inachanika kabla ya kufumuka. "Dada, hili ni fundo la kufungia mbuzi," alikuwa akiniambia, na hapo anacheka kweli, meno yote nje. Kwa vile nilipenda kumsikia akicheka, wakati mwingine nilipiga la nne makusudi.

Daktari akasema hakuna tena cha kufanya, wampeleke nyumbani. Alimwambia Rwema wiki mbili, labda tatu. Nilikwenda Kagugu kumwona. Mama alikuwa kajikunja kitandani, mguu umefungwa, lakini macho yako hai.

"Wewe ndiye mwenye mafundo?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mama. Huyu binti yako ameshaniharibia sifa."

Akacheka kidogo, akanishika mkono. Winifred alikuwepo, anamkanda miguu. Mama akasema, akiniangalia mimi lakini akimwambia yeye, "Mwanangu, huyu tangu alipojua kusema ndiye aliyekuwa akituombea. Karagwe, tuna ugali wa muhogo na chumvi tu, baba yake anasema, Wini, ombea chakula. Mchungaji wa kanisa letu kaja hapa juzi, kaomba vizuri, nimemshukuru. Lakini mimi namtaka wangu. Nataka nimsikie akinitaja, halafu niende."

"Nitaomba kesho, mama," Winifred akasema.

"Jana ulisema kesho."

Akainuka akatoka. Nilimkuta kwenye korido, kakaa juu ya dumu la maji, mikono kaibana katikati ya magoti. Rwema alinipungia kutoka sebuleni, kwamba nimwache. Alikuwa ameshajaribu kila kitu, Rwema, maneno mazuri na maneno makali, na mtu wa ofisi yule nilimwona anafuta macho kwa tai.

Siku ya pili yake, dukani, Winifred akanipa bahasha. Mna kile kitambaa chenye matundu, na barua. "Nipelekee Gahanga, dada. Mimi nikienda hawatanifungulia." Barua aliiacha wazi, nami nikaisoma, sina aibu. Aliandika mstari mmoja: mnifanye mnavyotaka, lakini mrudishie mama jina lake.

Nikaenda. Huko Gahanga nyumba mpya zinaota katikati ya mashamba ya mahindi, na ua wao uko mwisho kabisa, mabati yanang'aa. Getini yuko mwanamke kavaa nyeupe kutoka juu mpaka chini. Nikampa bahasha. Akaangalia jina la aliyeandika, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Aliyetoka hana barua hapa."

Nikamwambia kuna mama anakufa. Akasema wanajua. Nikamwambia basi mwiteni Mtumishi. Akasema Mtumishi yuko kwenye mfungo. Hapo nikamwambia maneno ambayo sitayarudia, maana niliharibu udhu wangu kwa maneno yale, na mwendesha pikipiki wangu akanishika bega akasema, "Mama, twende tu." Geti lilikuwa limeshafungwa. Nilikuwa natukana bati.

Njia nzima nikawaza nitamwambia nini. Nitaingiaje mlangoni nimwambie hawakuipokea hata mkononi? Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya umuganda, maduka yamefungwa asubuhi yote. Baada ya kufagia mtaa pamoja na wenzangu nikaingia dukani, nikajifungia, nikatafuta uzi mwekundu. Nikakitandika kile kitambaa kwenye goti. Matundu yake yalikuwa bado yanaonekana, kazi ya mkono wake, nami nikaifuata, tundu kwa tundu, N, y, i, mpaka a ya mwisho. Nilikwenda polepole kama mwanafunzi, mimi niliyeshona miaka ishirini na mitatu. Nikamaliza, nikapiga fundo, nikakata uzi kwa meno.

Mchana Winifred akaja. Nikampa. "Wamerudisha," nikasema.

Alikiangalia mbele. Akakigeuza nyuma. Akapitisha kidole gumba juu ya uzi.

"Nani amekupa?"

"Yule mwanamke wa getini."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, mwambie aombe."

Akakikunja, mara moja, mara mbili, akakitia kifuani. "Asante, dada," akasema. "Twende Kagugu."

Sijui nilitegemea nini. Labda kwamba angelia, au angerukaruka. Kwenye pikipiki yake alikuwa mbele yangu, mgongo wima, na mimi nyuma kwenye yangu namlaani Shetani na kumwomba Mungu msamaha kwa pamoja.

Mama alikuwa macho. Winifred akapiga magoti pembeni ya kitanda, akamshika mikono yote miwili. Mimi nikabaki mlangoni na Rwema. Akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena.

"Bwana, huyu ni Nyiransabimana, mama yangu. Alinibeba mgongoni kuvuka mto tukitoka Karagwe. Alikuwa ananipa ukoko wa chungu, ndugu zangu wakinung'unika. Asiumie tena. Usiangalie mdomo huu unaosema, Bwana, mwangalie yeye tu. Mwangalie yeye."

Basi. Hakuongeza. Mama akasema "Amina" kwa sauti ambayo hatukujua kama bado anayo. Rwema akasema Amina. Nami nikasema Amin, na nililia, siwezi kuficha. Mama akaomba uji, akanywa nusu kikombe, akaniambia, "Umemsikia wangu?" Nikamwambia nimemsikia, mama. Nilirudi Biryogo nimechoka na nina furaha, nikiona kwamba uongo wangu umefanya kazi kuliko ukweli wa watu wengi.

Asubuhi yake, hata saa moja haijafika, Rwema akanipigia simu. Mama ameondoka.

Nilikaa chini, sakafuni, na simu mkononi. Sikumlilia mama kwanza. Nilimuwaza Winifred.

Siku zote za ikiriyo, watu wamejaa uani wanaomboleza na familia, yeye alikuwa akipanga viti. Akibeba maji. Hakulia. Nikimkaribia ananiuliza kama nimekula. Nikisema, "Wini, mama yako alikuwa anangoja hilo tu, akapumzika," anaitikia, "Ndiyo, dada," kama anavyomwitikia mteja msumbufu. Tukamaliza kilio, viti vikarudishwa. Jumatatu hakuja kazini. Jumanne hakuja. Jumatano Rwema akaniambia amekwenda Gahanga, kaacha simu yake juu ya kitanda na nguo zote za rangi zimekunjwa vizuri.

Hiyo safari ya pili nilikwenda bila kutukana mtu. Nilisimama getini tangu saa nne. Yule mwanamke alinitazama, akaingia, akatoka, akaingia. Jua linachoma, adhana ya adhuhuri ikanipita. Karibu saa saba mlango mdogo ukafunguka, akatoka Winifred na nyeupe zake. Wakampa muda mfupi, na yule mwanamke wa getini akasimama hatua tatu nyuma.

Nikamwambia kwa Kiswahili cha haraka, yule asishike. "Wini, nisikilize. Hawakurudisha kitu. Barua hawakuipokea. Ni mimi niliyeshona. Ni mimi, nimekudanganya, huna deni la shukrani kwa watu hawa. Twende nyumbani."

"Najua, dada," akasema.

"Unajua nini?"

"Fundo. Niligeuza nikaliona. Ni lile la mbuzi."

"Ulijua tangu dukani? Na bado ukaenda ukaomba?"

"Mama aliniomba. Ningemwambia kesho mpaka lini?"

"Sasa si unaona? Uliomba, akasikia, akafa kwa amani. Hakuna kilichogeuka njiani. Akili yako inasemaje?"

"Daktari alisema wiki mbili. Amekaa usiku mmoja."

"Daktari si Mungu! Mama yako alikuwa mgonjwa, Wini! Figo! Watu wenye figo wanakufa!"

"Ndiyo, dada."

Ile ndiyo yake. Nilitamani kumpiga kofi. Nikamshika mkono, nikamvuta, na yule wa nyuma akasogea hatua moja. Winifred hakushindana nami, aliuacha tu mkono wake kwenye wangu mpaka nikaona haya kuuvuta.

"Kwa hiyo umerudi hapa ili iweje?" nikamwuliza. "Wakusamehe? Wakufunike?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, tofauti na mimi. "Rwema ana watoto watatu. Wewe una wako. Mimi kukaa bila kuomba siwezi, dada, nimejaribu mwaka mzima. Asubuhi nikiamka mdomo unaanza wenyewe. Naubana kwa mkono. Siku moja nitajisahau, nitawataja. Nikiwa humu ndani, hata nikijisahau, hawatadhurika."

Nilimwambia cherehani yake ipo. Nilimwambia kuna mishanana sita ya harusi ya Aurore wa kwa fundi viatu. Nilimwambia hata yeye alijua ni ujinga gani ule. Akasikiliza yote, akaniuliza Aurore anaolewa lini.

Yule wa getini akakohoa. Winifred akatia mkono kifuani, akatoa kile kitambaa, kimekunjwa vilevile mara mbili, akakiweka kwenye kiganja changu na kukifumba kwa vidole vyangu mwenyewe.

"Kaa nacho wewe."

"Ni cha mama yako. Si kibaki na wewe?"

"Wamenirudishia kazi yangu," akasema. "Wakikikuta, watanipa mimi nikifumue."

Akaingia. Nikabaki nimesimama pale mpaka mwendesha pikipiki akaniita mara ya pili, nikapanda.